Vidole vya Kuazima

Fundi alikuja studio na haraka zake, vumbi la ngozi bado liko kwenye aproni, akaona dirishani picha kubwa ya mwanamke mwenye gauni la buluu. Akajisemea moyoni kwamba huyo mwanamke kapendeza. Kisha akalitambua gauni, maana alilishona shangazi yake na lile pindo la shingoni walibishana nalo wiki nzima. Ndipo akajua kwamba anajitazama mwenyewe.

Uso ulikuwa wake. Shingo yake, na ule mwanya wa meno ya mbele ambao mchumba wake husema ndio uliomtoa roho. Lakini mkono wa kushoto uliolala juu ya goti haukuwa wake. Ulikuwa na vidole vitano vilivyonyooka, laini, kucha zimepakwa rangi ya zambarau, na kwenye kidole cha pete imekaa pete.

Akauinua mkono wake wa kushoto, akauweka sambamba na kioo cha dirisha. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, kama vilivyokaa mwaka wa sita sasa, na kwenye kidole gumba lilikuwepo kovu la shazia, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Kovu hilo ndilo lililomfichulia siri. Siku ile shazia ilizama mpaka ndani, damu ikachuruzika juu ya kiatu cha mteja, na yeye akaendelea kushona bila habari. Kliniki wakampima, wakamwambia ni ukoma. Alimeza vidonge mwaka mzima, akapona, hana cha kumwambukiza mtu. Mishipa iliyokwisha kufa haikurudi. Mkono ule na nyayo zote mbili havisikii moto wala mwiba.

Akasukuma mlango.

Mchumba wake alikuwa ameinama mbele ya kompyuta. Mtaa mzima humwita Tabasamu, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kukaa mbele ya kamera yake bila kuambiwa "tabasamu kidogo". Studio yenyewe ni chumba kimoja: pazia la kijivu, taa mbili, stuli, kioo chenye chanuo lililofungwa kwa kamba lisiibwe, na koti moja jeusi ambalo wanaume wote wa mtaa huo wamelivaa kwenye picha za vitambulisho.

"Umeiona?" Tabasamu akainuka na furaha yake yote. "Nilitaka nikushtukize. Mchana huu inakwenda kwa mchapaji wa kadi za harusi."

"Nimeiona. Vidole vya nani?"

Furaha ikamwishia usoni taratibu.

"Nakuuliza, Tabasamu. Vya nani? Maana vyangu ninavyo hapa, nimekuja navyo kwa miguu toka karakana."

"Fundi, ile ni picha tu. Kila mteja hapa namrekebisha kidogo. Huyu namtoa chunusi, yule namtoa makunyanzi. Juzi nimemwotesha nywele mzee wa watu mpaka akalia kwa furaha."

"Yule mzee alikuomba nywele. Mimi nilikuomba vidole?"

Tabasamu akasogea kumshika bega, Fundi akarudi nyuma.

"Ni mama," Tabasamu akasema. "Mama aliniomba. Kadi zitafika kwa ndugu wote, kwa walimu wenzake, kwa watu wasiokujua. Aliniambia, mwanangu, hiki kimoja tu, basi. Nikaona si neno, harusi iende salama. Nimefanya kwa sababu nakupenda. Sitaki mtu akuangalie vibaya."

"Kwa hiyo umewapa mtu mwingine wa kumwangalia."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nani anayenishikia kioo jioni?"

Tabasamu akainamisha kichwa. "Mimi."

Alijua anachoulizwa. Kila jioni, karakana ikifungwa, Fundi huloweka miguu kwenye beseni, akaikausha, akaipaka mafuta, halafu huzikagua nyayo kwa kioo atafute jeraha ambalo yeye hawezi kulisikia. Mwezi wao wa pili wa uchumba Tabasamu aliomba akishike kile kioo. Jioni hiyohiyo akakuta kipande cha chupa kisiginoni, Fundi ametembea nacho tangu asubuhi. Tabasamu alilia, Fundi akamcheka mpaka akashika mbavu. Kama kuna siku alikata shauri kuolewa na mwanaume huyu, ni siku ile.

"Wewe unazijua nyayo zangu kuliko mimi," Fundi akasema. "Mtu mwingine yeyote angenifanyia hivi ningemsonya nikaenda zangu. Lakini wewe, Tabasamu. Wewe umeniona kote, halafu umekaa hapo kwenye kiti chako ukanikata mkono."

Iliuma. Kwa nini tufichane? Iliuma kuliko siku alipoambiwa ugonjwa wake, kwa sababu siku ile hakuwa akimtegemea mtu. Machozi yakamjia, akayarudisha yalikotoka. Hakutaka kulia mbele ya lile koti la vitambulisho.

Kabla Tabasamu hajapata la kusema, mlango ukafunguliwa. Aliingia mama yake, mwalimu mstaafu, mkoba kwapani na sauti ya darasani kooni, na nyuma yake akaja binti yake wa mwisho, karani wa posta, ambaye hakuwa ameingia vizuri alipoanza maneno.

"Kaka, ule mkono dirishani ni wangu."

"Subiri kwanza," Tabasamu akamwambia.

"Nisubiri nini? Rangi ile ya kucha nimeipaka mwenyewe. Si uliniambia unapiga tangazo la sonara? Nimekaa hapo saa nzima na pete, nimeinua kidole mpaka bega likauma. Kumbe unanioa wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, na sina habari."

Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Wifi yake akamgeukia, akaushika ule mkono wake wa kushoto kwa mikono yote miwili. "Wifi, samahani. Mimi sikujua, haki ya Mungu. Ningejua ningemtia kidole jichoni mbele ya kamera yake."

"Najua, wifi."

"Punguzeni sauti," mama akasema, akichungulia ukutani kana kwamba ukuta una dirisha. "Saluni wanasikia."

Upande wa pili wa ukuta ndiko iliko saluni, na mwenye saluni alikuwa na masikio kuliko mtaa mzima. Neno likiingia pale asubuhi, mchana limeshafika sokoni na kurudi.

"Ni mimi niliyemwambia," mama akaendelea. Akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba juu ya mapaja. "Usimlaumu yeye. Nilaumu mimi. Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Nimekukubali. Ndugu zangu walipoanza kunong'ona niliwanyamazisha. Mashemeji zangu waliniuliza una nini mkononi, nikawaambia uliungua na mafuta ulipokuwa mtoto, wakaridhika. Wakakuonea na huruma."

"Uliwaambia niliungua?"

"Ni neno tu. Mtu aliyeungua huonewa huruma. Lile neno jingine watu huhama viti."

Fundi akamtazama Tabasamu. Tabasamu alikuwa akitazama sakafu, na Fundi akaelewa kwamba hilo nalo alilijua.

"Ninachoomba ni kidogo," mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza kweli. "Kwenye kadi ukae vizuri. Siku yenyewe uvae glavu nyeupe, maharusi wengi wanavaa, hakuna atakayeshtuka. Pete itaingia mkono wa kulia. Siku moja tu, mwanangu. Baada ya hapo maisha ni yenu."

"Baada ya hapo nikija kwako kukupikia chai, nivae glavu?"

"Sijasema hivyo."

"Mashemeji wako wakinikuta nanawa mikono? Nikizaa, nikamleta mjukuu wako umwone, nimshike na glavu? Niambie glavu inavuliwa lini, mama."

Kidole cha mama kilikuwa kikichezeachezea kifungo cha mkoba.

"Naomba nikuambie kitu, na nakuambia kwa heshima," Fundi akasema. "Miaka miwili niliuficha mkono huu kwenye mtandio. Hata chumbani, peke yangu, mlango nimeufunga. Mtu akinisalimia natoa wa kulia, wa kushoto nimeukalia. Nilikuwa nakula nimegeukia ukuta. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijifunga mwenyewe, na nilijichukia kuliko mtu yeyote alivyonichukia. Kilichonitoa huko ni kazi. Ngozi ya kiatu inavutwa kwa mikono miwili, na ule mtandio ulikuwa unaniingilia kwenye gundi. Siku moja nikautupa. Wenzangu karakana wakainua vichwa, wakaangalia, wakarudi kwenye nyundo zao. Mimi ndiye niliyekuwa nangoja nyumba ianguke."

Akauinua mkono wa kushoto.

"Leo nawashonea viatu watu ambao miguu yao ni kama yangu. Viatu vya soli laini, visivyopigwa msumari. Anakuja mtu amefunika uso kwa kanga, namwonyesha mkono huu, anafunua uso. Sasa nitamwonyesha mkono gani, mama? Wa dada yake Tabasamu?"

"Mimi mwenyewe nauhitaji," wifi akasema chinichini.

"Nimetoka kule kwa miguu yangu hii isiyosikia kitu," Fundi akamalizia. "Sirudi. Hata kwa harusi sirudi."

Mama akasimama. Alikuwa amezoea kusimama mbele ya watoto hamsini, na akisimama chumba hupungua. "Basi mwanangu mwenyewe achague. Kadi zikitoka na mkono wa kweli, mimi sitakaa ukumbini. Tafuteni mama wa kukodi."

Wote wakamgeukia Tabasamu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama mama yake, akamtazama mchumba wake.

"Usimwulize yeye," Fundi akasema. "Mimi simngoji achague. Nimeshachagua, na niliyemchagua ni huyu hapa." Akajigusa kifua. Akavua aproni, akaitundika juu ya lile koti jeusi, akaenda akakaa kwenye stuli mbele ya pazia la kijivu. "Nipige picha. Si ya kadi. Mimi leo ni mteja wako kama mteja mwingine. Ukishaipiga, mtoe yule mwanamke dirishani uniweke mimi. Habari za harusi mtazungumza baadaye, kama mtanihitaji."

Akauweka mkono wa kushoto juu ya goti, mbele, vile ulivyo.

Tabasamu akaiendea kamera.

"Ukibonyeza hiyo kamera," mama akasema, "mimi naondoka."

"Mama." Tabasamu hakugeuka. Alikuwa akichungulia kwenye kamera, na aliongea polepole. "Ile picha niliikalia saa nne. Kidole kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza nikamtazama, sikumjua. Nikajiambia nimechoka macho. Kumbe nilikuwa nimemfuta mtu ninayempenda." Akapangusa jasho kwa mkono wa shati. "Nilikuogopa wewe. Niliwaogopa mashemeji zako. Nimeiogopa hata saluni. Yeye peke yake ndiye sikumwogopa, ndiyo maana nikamwonea."

Kisha akasema, "Nisamehe, Fundi."

"Piga picha."

"Tabasamu kidogo."

"Sitaki."

Akabonyeza. Taa zikamweka Fundi mzima wazi: aliyekunja uso, mwenye vumbi la ngozi kwenye nywele, mwenye vidole viwili vilivyojikunja. Hakuna siku aliyowahi kupigwa picha akiwa na hasira, na niwaambie, ilimpendeza.

Mama akachukua mkoba wake akatoka. Mlango ukajibamiza nyuma yake.

Mashine ikaitoa ile picha, mstari baada ya mstari, kwanza nywele, kisha macho, mwisho kabisa goti na mkono. Tabasamu akaishika kwa pembe zake mbili, akaenda dirishani. Akamtoa yule mwanamke wa buluu kwenye fremu, akamkunja mara nne, akamtia kwenye pipa la takataka. Akaiweka picha mpya, akainyoosha, akarudi hatua moja kuona kama imekaa sawa.

Ndipo Fundi, kupitia kioo, akaona kwamba mama hakuwa amefika mbali. Mwenye saluni alikuwa amemwahi hapohapo barabarani, kitana bado mkononi, macho yamekazia dirishani.

"Mwalimu, hongera ya mkwe," mwenye saluni alikuwa akisema. "Ila mbona picha inabadilishwa? Na huo mkono vipi, umefanyaje?"

Mama akafungua mdomo. Yale mafuta ya moto yalikuwepo palepale ulimini, tayari kabisa, yalikwishatumika na yakafaa. Akachelewa kidogo tu, na Fundi akawa ameshatoka mlangoni.

"Ukoma," Fundi akasema.

Hakulisema kwa kupaza sauti, wala hakulinong'ona. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akageuza shingo.

"Niliugua ukoma, nikatibiwa, nikapona. Vidole vimebaki hivyo. Na wewe hicho kiatu chako kinakubana kidole gumba, nakuona unavyosimama upande. Kesho pita karakana nikupime."

Mwenye saluni akakitazama kiatu chake. Mdomo wake, ambao haukuwahi kukosa la kusema, ukahangaika kidogo. "Kinaniua," akakiri. Kisha akajikumbuka, akarudi nyuma nusu hatua, akamgeukia mama. "Na nyie mwalimu, mmekubali?"

Fundi hakumtazama mama mkwe wake. Aliogopa, hilo nalo tuliseme. Ushujaa wake wote ulikuwa umefika kwenye ncha, na jibu baya moja lingemwangusha hapohapo.

Mama akahamisha mkoba kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Ameshakujibu mwenye mkono," akasema kwa ile sauti ya darasani. "Wewe umemwacha mteja chini ya mashine, nywele za watu zinaungua."

Mwenye saluni akaondoka mbio mbio, akichechemea. Mama na Fundi wakabaki wawili barabarani, kila mmoja akitazama upande wake.

"Sijasema nakuja ukumbini," mama akasema.

"Na mimi sijasema naolewa."

Tabasamu alikuwa ametoka, ngumi ya kulia ameifunga, dada yake nyuma. Akasimama mbele ya Fundi, palepale nje, watu wanapita na vikapu vyao.

"Kabla hujaongea," Fundi akamwambia, "kuna mashemeji wa mama yako wanaodhani niliungua. Nani atawaambia?"

"Mimi. Leo jioni. Nitakwenda nyumba kwa nyumba."

"Utawaambia nini? Niambie hapa nisikie, maana sijawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwako. Miaka yote hii unasema 'ile hali yako'."

Tabasamu akashusha pumzi. Dada yake akaziba mdomo kwa mkono. Mama akakaza macho yake kwenye dirisha la studio, lakini sikio lilikuwa huku.

"Mchumba wangu aliugua ukoma," Tabasamu akasema, na alisema kwa sauti ambayo ukuta wa saluni haukuhitaji kusaidia. "Akapona. Ni fundi viatu, na mimi nilimwonea haya, na sasa najionea haya mwenyewe. Atakayeona taabu kukaa naye meza moja, mimi na yeye tutakula kwingine."

Kitu kilichokuwa kimefungwa kifuani kwa Fundi tangu alipoiona ile picha kikaanza kulegea. Hakukionyesha haraka. Akamwangalia mwanaume wake, kola imekaa upande, jasho, macho mekundu, na akampenda, na akaudhika kwamba anampenda kiasi hicho.

"Mkono gani?" Tabasamu akauliza, akiifungua ngumi. Ile pete ya pichani ilikuwa kiganjani.

"Unaujua."

Fundi akaunyoosha mkono wa kushoto, kisha macho yakahama pale, yakaenda kwa mama. Mama alikuwa amesogea karibu na dirisha. Alikuwa akiitazama ile picha kwa makini, kama anayesahihisha daftari, na hakuonekana kama mtu anayekwenda popote.

"Vipi, inaingia?" Fundi akauliza.

"Imeshaingia."

Akatazama. Kweli. Tabasamu alikuwa ameipitisha taratibu kwenye kile kifundo kilichojikunja, akaifikisha mpaka chini, na bado amekishikilia kile kidole kwa mikono yote miwili. Fundi hakuwa amesikia chochote.

"Ivue," akasema.

Rangi ikamtoka Tabasamu usoni. "Fundi, tafadhali."

"Ivue, univishe tena," Fundi akasema, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyazuia. "Safari hii nataka niangalie."